Riwaya Tuipendayo na Filamu Yake: Deni ni la Nani?

Watu wanaotoka kutazama filamu iliyotokana na riwaya waliyokwisha kuisoma wana neno moja ambalo hulisema kabla hawajaufikia mlango: si kama kitabu. Neno hili husemwa Unguja na Dar es Salaam, na hapana shaka husemwa Calcutta na Moscow pia. Mabingwa wa sanaa ya sinema hulicheka. Hudai kwamba ni neno la mtu asiyefahamu kuwa kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, na kila kimoja kina zana zake. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijibu lolote. Anayelalamika hakutazamia kuona kurasa zikifunuliwa juu ya pazia. Asemacho ni kwamba kuna kitu alichokuwa nacho moyoni, nacho kimeguswa pasipo idhini yake. Katika makala haya tunataka kulichukua lalamiko hilo kwa uzito wake, tuulize kama lina haki ndani yake. Na kama linayo, ni haki ya namna gani, na nani anayedaiwa.

Mfano tulio nao karibu ni Vuta N'kuvute. Riwaya hiyo ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, baada ya mwandishi kujipatia jina kwa Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978 na Kuli ya mwaka 1979. Imekuwa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita katika Tanzania, na kwa ajili hiyo wako watu wazima wengi, leo wakiwa walimu, makarani, wauguzi na madereva, ambao waliishi na Yasmin na Denge kwa miezi mizima, wakaandika insha juu yao, wakabishana juu yao bwenini baada ya taa kuzimwa. Mwaka 2021 Amil Shivji, mwongozaji wa filamu wa Tanzania, aliitoa riwaya hiyo katika sinema kwa jina lile lile. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto, nchini Kanada, mwezi Septemba mwaka huo, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni. Kabla yake nchi yetu ilikuwa imepeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.

Kwa wasiokisoma kitabu, yatosha kusema haya. Ni Unguja ya miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa akiwa bado mdogo kwa mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Hamtaki. Anatoroka, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, maskini wa mali na tajiri wa moyo. Huko Ng'ambo ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye serikali ya kikoloni inamwandama kwa sababu ya siasa zake. Hadithi haiishii hapo, wala haibaki Unguja peke yake; inatuvusha bahari hadi Mombasa na Tanga.

Filamu imechagua njia nyingine. Ndani yake Denge na Yasmin wanakutana usiku, Yasmin akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Mtazamaji asiyekijua kitabu ataona huo ni mwanzo mzuri wa kisa cha mapenzi, na kweli ni mzuri. Msomaji wa kitabu atashtuka, na tunaona ana sababu. Katika riwaya, Yasmin anayemfikia Denge amekwisha kupita milango kadhaa: ameonja ndoa asiyoitaka, ameonja kufukuzwa na watu wa damu yake, na amekwisha kufunguliwa mlango na mwanamke mwenziwe asiye wa kabila lake. Denge haji kumtoa kifungoni. Kifungo cha kwanza amekwisha kukivunja mwenyewe kwa miguu yake, akasaidiwa na Mwajuma. Ukimtanguliza Denge, hata kama humpi neno kubwa la kusema, umebadili mpangilio wa shukrani. Swali la nani alimkomboa nani si swali la ufundi wa sinema. Ni swali la maadili, na kwa kitabu kinachohusu ukombozi wa nchi nzima, ni swali la siasa.

Hatusemi kwamba Mwajuma amesahauliwa. Amechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, na kila anapofungua kinywa chake filamu nzima hukaa sawa. Tunasema tu kwamba nafasi ya mtu katika hadithi haipimwi kwa dakika alizopewa kuonekana. Hupimwa kwa lile lisilowezekana kutendeka pasipo yeye.

Hebu sasa tulitazame lalamiko lenyewe kwa karibu. Mhusika wa riwaya hana uso. Mwandishi humpa macho, nywele na mwendo, lakini maneno kumi juu ya uso hayafanyi uso. Hufanya mwito, na msomaji ndiye auitikiaye. Huuchukua uso wa binti aliyemwona dukani Mtendeni, au wa mwalimu wake wa darasa la nne, au uso asioweza kusema aliuona wapi, akamvika Yasmin. Kwa hiyo wako Yasmin wengi kama walivyo wasomaji, na hakuna hata mmoja aliye bandia. Mwandishi mwenyewe, akiulizwa, hana haki ya kumwambia msomaji kwamba Yasmin wako siye. Alitoa nusu ya kazi, msomaji akaimaliza. Nusu hiyo ya pili haina hati wala mhuri, lakini ni kazi, na aliyeifanya ana haki ya kuiona kuwa ni yake.

Filamu haiwezi kuacha uso wazi. Lazima amchague binti mmoja, mwenye pua moja na sauti moja. Tangu siku hiyo, aliyeiona atafungua kitabu na kumkuta binti huyo amekwisha kuketi ndani, na yule wa zamani ameondoka bila kuaga. Hapo ndipo penye uchungu wa neno si kama kitabu. Msemaji analilia kazi ya mikono yake.

Wako watu watakaotujibu kwa kutukumbusha ngano zetu. Watasema: Waswahili hawakungoja sinema ili wajue kugeuza hadithi. Bibi alipotamba, kila usiku alikuwa na sungura mpya. Fisi aliyekufa jana alikufa leo kwa namna nyingine, wala hakuna mjukuu aliyemshitaki kwa kuvunja uaminifu. Kwa nini basi tumlaumu mwongozaji kwa kufanya yale yale? Hoja hii hupendwa sana siku hizi, nasi tunaiona ina kasoro moja kubwa. Bibi alikuwa mbele yetu. Tulimkatiza, tukamwambia jana hukusema hivyo, naye akajirekebisha au akatukemea, na kesho yake akaanza upya. Hakuna usimulizi wake hata mmoja uliofunga mlango wa usimulizi mwingine. Filamu ikishakatwa na kuunganishwa imefungika. Itaonyeshwa miaka 50 ijayo vile vile, kivuli kwa kivuli, na hapana mjukuu awezaye kuikatiza. Kwa hiyo mwenye kutengeneza filamu hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa bibi. Bibi alikuwa huru kwa sababu wasikilizaji wake nao walikuwa huru.

Hata hivyo uaminifu nao una maana nyingi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri ile tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, aliiita Mabepari wa Venisi. Ulikuwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza akageuka mabepari wengi wa Kiswahili, na kila aliyeishika tamthilia hiyo alielewa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza kwamba inasemwa nasi, wakati huu, hapa. Mtu aweza kubisha juu ya jina hilo, lakini hawezi kusema kwamba mfasiri hakujua alilolitenda. Alibadili kwa kukusudia, na akabeba dhamana ya badiliko lake. Kuna tofauti kati ya kubadili kwa sababu una la kusema na kubadili kwa sababu umechoka, au kwa sababu unadhani watazamaji hawatakuwa na subira.

Satyajit Ray wa Bengali ni shahidi mwema katika jambo hili. Riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, Pather Panchali, ilitoka kama kitabu mwaka 1929, ikapendwa na Wabengali kama vile watu wapendavyo utoto wao. Ray aliifanya filamu mwaka 1955. Katika kitabu, bibi kizee Indir anakufa mapema sana; Ray alimwachia aishi hadi katikati ya filamu, akakonda mbele ya macho yetu. Kitabu kinaifuata familia hata baada ya kuhama kijiji. Filamu inakoma palepale wanapoondoka katika gari la ng'ombe. Kwa hesabu ya karani, huo ni uvunjaji wa uaminifu mara mbili. Lakini baba anaporudi kutoka safarini na zawadi ya sari kwa binti yake, asijue kwamba binti amekwisha kufa, mama anaanguka kulia, na sauti ya kilio chake hatuisikii. Mahali pake pamewekwa sauti kali ya ala ya muziki. Hakuna ukurasa uwezao kufanya hivyo. Aliyekisoma kitabu akalia hapo, katika filamu analia tena, kwa mlango mwingine. Ray aliyabadili matukio, akaulinda msiba.

Kutoka bara letu yupo Sembène Ousmane wa Senegal, ambaye kisa chake kinatufaa zaidi kwa kuwa alikuwa mwandishi na mwongozaji katika ngozi moja. Alikuwa kuli wa bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi, na alipokwisha kuandika vitabu kadhaa kwa Kifaransa aligundua kwamba watu aliowaandika hawawezi kumsoma. Akaenda Moscow kujifunza sinema. (Denge wa riwaya naye alisoma huko huko, tunalitaja hili kwa kupita tu, lakini linachekesha.) Mwaka 1968 alitoa Mandabi, filamu iliyotokana na kitabu chake mwenyewe juu ya mzee mmoja wa Dakar aliyetumiwa hawala ya fedha akashindwa kuichukua kwa kukosa karatasi. Watu ndani yake wanasema Kiwolof, lugha ambayo kitabu hakikuandikwa kwayo. Basi hapa filamu ndiyo iliyorudi nyumbani, na kitabu ndicho kilichokuwa ugenini. Tukimuuliza mama wa Dakar asiyejua kusoma kama filamu hiyo ni sawa na kitabu, swali letu litakuwa la kipumbavu.

Sisi hatuko katika hali ya Sembène. Vuta N'kuvute ilizaliwa katika Kiswahili, tena Kiswahili cha Unguja kinachotoka mitaani moja kwa moja, chenye matusi yake, mizaha yake na upole wake. Kwa hiyo filamu haikuwa na safari ya kurudi nyumbani. Ilikuwa na kazi ya kutohama. Na ni haki kusema kwamba haikuhama: wahusika wanazungumza Kiswahili, na watazamaji wa Toronto walilazimika kusoma maandishi chini ya picha ili watufuate. Wako wengi waliotarajia kwamba filamu ya kupelekwa Ulaya na Marekani lazima iseme Kiingereza. Haikusema.

Iko zawadi nyingine ambayo filamu imetupa, na ambayo tunadhani kitabu kisingeweza kuitoa kwa nguvu ile ile. Katika miaka ile ile inayosimuliwa na riwaya, watu wa Unguja walikuwa wapenzi wakubwa wa sinema. Majumba kama Majestic na Empire yalijaa, na filamu za Kihindi ndizo zilizoyajaza. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliimbwa na watu wasiojua neno hata moja la Kihindi. Mwafrika wa Ng'ambo alimjua mwanamke wa Kihindi aliye juu ya pazia, mrembo, mwenye kuimba kwa lugha asiyoielewa. Na alimjua mwanamke wa Kihindi aliye nyuma ya pazia la dirisha huko Mji Mkongwe, ambaye hakupata kuzungumza naye. Sasa juu ya pazia yuko binti wa Kihindi anayesema Kiswahili cha Unguja, anacheka Kiunguja, ananyamaza Kiunguja. Msomaji wa kitabu aweza kusahau, baada ya kurasa kadhaa, kwamba Yasmin ni Mhindi. Maneno yake ni maneno yetu na rangi haichapwi. Mtazamaji hawezi kusahau hata nukta moja. Analazimika kuiona ngozi na kuisikia lugha kwa wakati mmoja, na kuamua kama binti huyo ni wake au si wake. Taifa letu halijamaliza kulijibu swali hilo.

Turudi kwenye deni. Tunaliona kuwa kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mataifa yenye sinema nyingi, kwa sababu isiyozungumzwa sana. Vita na Amani ya Tolstoy ilifanyiwa filamu na Wamarekani mwaka 1956. Warusi, kwa kutoridhika, wakaifanya ya kwao, na Sergei Bondarchuk akaitoa kati ya mwaka 1966 na 1967 kwa sehemu nne zenye urefu wa saa kama saba. Aliyechukizwa na Natasha mmoja alipewa mwingine, na wengine wamefuata baadaye. Riwaya ya Kiswahili haina bahati hiyo. Riwaya zetu zilizopata kufikia sinema ni chache mno, na ikishapata filamu moja, hatuna tumaini la karibu la kupata ya pili. Uso uliochaguliwa ndio utakaobaki. Tukio lililoachwa nje limeachwa kwa kizazi kizima. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, na katika filamu ya saa moja na nusu wako wengi wasiokuwepo: abiria wa safari za Mombasa na Tanga, miaka inayopita, watu wadogo wanaoingia ukurasa mmoja na kutoka wakituachia sentensi moja ya kukumbuka. Ikiwa mwongozaji wa Moscow anakopa kwa tajiri, wa kwetu anakopa kwa mtu mwenye shuka moja.

Wala tusijidanganye juu ya wanafunzi. Mwanafunzi mwenye mtihani mbele yake na filamu ya dakika 90 kando ya kitabu cha kurasa zaidi ya 200 atachagua kama ambavyo tungechagua wengi wetu katika umri ule. Mwalimu atakayesahihisha atakuta Denge na Yasmin wakikutana usiku njiani, na atalazimika kuandika kwa wino mwekundu kwamba hayo hayamo. Lakini mwalimu mwenye akili hatakomea kwenye wino. Atawauliza darasa: kwa nini mmoja aliwakutanisha kule na mwingine huku? Dakika hiyo, lile badiliko tulilolilalamikia litakuwa limefanya kazi ambayo uaminifu mtupu usingeifanya. Ndiyo maana hatuwezi kuungana na wale wanaotaka riwaya za taifa ziwekwe kabatini zisiguswe na mwenye kamera. Kitabu kisichobishaniwa hufa kwa heshima, nacho hufa kweli.

Tunalodai ni dogo kuliko hilo, ingawa ni gumu zaidi. Tunadai kwamba mwenye kuigeuza riwaya awe amejua ni kitu gani ndani yake kikiondolewa riwaya hiyo si hiyo tena. Hapa mwongozaji hana budi kuwa msomaji kwanza, tena msomaji mkali. Kwa maoni yetu katika Vuta N'kuvute kitu hicho si mapenzi ya Denge na Yasmin, ingawa ndiyo yanayokumbukwa. Ni mvutano wenyewe uliotajwa katika jina: kwamba kila mmoja anavutwa na kamba zaidi ya moja, mapenzi huku, chama kule, damu huku, mtaa kule, na hakuna anayeshinda bila kukatwa na kamba mikononi. Filamu inapokaa kimya, ikaiacha kamera imtazame Yasmin asiyejua aende wapi, mvutano huo upo wote, bila neno. Inapoharakisha kutupatia wapenzi wawili na bahari nyuma yao, kamba inalegea.

Tumekwisha kusikia watu wakiuliza ni riwaya gani ifuate, na jina linalotajwa mara nyingi ni Kuli. Tunaweza kuelewa kwa nini. Bandari, majahazi, mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Hayo yote yanaonekana yakiiita kamera. Lakini atakayeishika kazi hiyo atakutana na swali kabla hajatafuta fedha wala wachezaji. Rashidi ana jina, na uso utapatikana. Umati wa makuli ulioweka mizigo chini kwa pamoja hauna uso mmoja, na katika kitabu umati huo ndio unaokua polepole, mtu mmoja mmoja, hadi unamzidi Rashidi mwenyewe. Sinema hupenda mtu mmoja mbele na wengine nyuma yake wakiwa na ukungu. Kamera itawekwa wapi siku makuli watakapokataa kuingia bandarini, na ni nani atakayeonekana waziwazi?